Sura ya Nne: Taa ya Buluu ya Daktari wa Meno

Cipriano Archibeque alikuwa na miaka sabini na mbili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuitwa mwizi mpaka asubuhi hii. Tena na daktari wa meno. Tena mtu wa Texas. Ndiyo maana alipoulizwa jina lake kamili alilitaja lote, pamoja na majina ya ukoo wa mama yake, mpaka mpelelezi Orlinda Gabaldón akaishiwa nafasi kwenye mstari.

"Inatosha, mzee," Orlinda alisema. "Saa kumi na moja na nusu alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, kwenye hema la watabiri wa upepo."

"Meza ipi?"

Mzee akakohoa. "Ya Daktari Hollenbeck."

"Meza yako si ile kule?"

"Ile kule haina hita."

Orlinda akaandika: hita. Halafu akainama juu ya meza ya daktari na kuandika mengine: makombo ya biskuti za mdalasini, alama ya kikombe cha kahawa, boksi la taa ndogo ndogo za betri, kikasha cha uzi wa kusafishia meno. Biskuti za aina hiyo alikuwa akizitafuna mzee wakati ule ule wa mahojiano, bila hata aibu ya kuficha.

"Kwa hiyo ulikaa kwenye meza yake, ukala, ukanywa, ukaota moto wake. Na flashi yenye mpango wake wa safari ilikuwa juu ya meza hiyo hiyo."

"Mwanangu, mimi sijui hata tundu la kuichomekea."

Nje, msumeno ulikuwa ukilia kama mbuzi anayechinjwa. Ulianza Orlinda alipowasili saa tatu na hakuna aliyemweleza unakata nini. Simu yake nayo ikatetemeka mfukoni kwa mara ya tatu. Ilikuwa mama yake, kutoka Corrales, ng'ambo ya mto. Orlinda akaikata. Kila Oktoba, msimu wa maputo ukianza, mama yake alipiga simu kulalamika. Tangu puto la Mfaransa mmoja liangukie kamba yake ya nguo na kuondoka na shuka mbili, Mama Prudencia alihesabu kila kitu kinachoruka kuwa adui, isipokuwa malaika.

Orlinda mwenyewe hakuwa mpenzi wa maputo. Hata ngazi ya kubadilishia balbu ilimpa kizunguzungu. Lakini sherifu alimtuma yeye kwa sababu wengine wote walikuwa barabarani wakizuia magari ya wageni wanaosimama katikati ya njia kupiga picha angani.

Kesi ilikuwa hivi. Jioni hiyo saa kumi na mbili, maputo tisa ya gesi yangeng'oa nanga kushindana nani atafika mbali zaidi, siku tatu hewani, usiku na mchana. Puto halina usukani. Kila urefu una upepo wake, mmoja unakwenda huku na mwingine kule, na rubani huchagua tu apande au ashuke. Anayemwambia ni mtabiri wake aliyebaki chini na ramani zake. Rubani asiye na mtabiri ni gunia la viazi lililotupwa angani, na sheria za mashindano haziruhusu magunia.

Rubani wa Cipriano alikuwa dada yake, Delfina, mwenye miaka sitini na tisa na magoti mabovu. Daktari anayempima kila mwaka alikuwa amemwambia wazi kwamba cheti chake cha kuruka hakitapata muhuri mwingine baada ya Desemba. Amekuwa akishindana miaka ishirini na sita na hajawahi kushinda. Sasa yuko nje anapakia kwenye kapu la puto mifuko ya mchanga wa kumwagwa hewani ili puto lipande, hamtazami mtu usoni.

"Mpaka saa sita mchana," alikuwa amesema mkuu wa mashindano, Bi. Lorraine Tafoya, mwanamke mnene mpole anayeumwa na kila ugomvi kama jino. "Ikifika saa sita hakuna ushahidi mwingine, nitamtoa Cipriano. Daktari Hollenbeck ameshampigia wakili wake. Sitaki mawakili, Orlinda. Nataka upepo tu."

Ilikuwa saa nne na robo.

*

Daktari Royce Hollenbeck alikuja amepakiwa kwenye kigari cha gofu, akinyanyua kofia yake kubwa kabla hata hakijasimama. Meno yake yalikuwa meupe kuliko haki.

"Mama mpelelezi! Umemfunga?"

"Nimfunge kwa biskuti? Kaa. Mpango wako wa safari unasemaje?"

"Ni siri."

"Umeripoti umeibiwa siri. Nitaitambuaje nikiiona?"

Royce akafikiri, akafungua kompyuta yake, akaziba nusu ya kioo kwa kiganja. Nakala anayo, alieleza, hajapungukiwa kitu. Tatizo si kukosa. Tatizo ni kwamba mwingine anayo. Mpango huo uliandikwa na mtabiri wa kukodiwa, Mjerumani anayelipwa kwa dakika. Unasema wote watatamani kupanda juu haraka na kukimbilia mashariki, lakini huko kesho usiku kutakuwa na radi. Mwenye akili atabaki chini usiku wa kwanza, asubiri upepo unaotoka kusini, umchukue Kansas, Iowa, mpaka kwenye maziwa makuu.

"Sasa nenda kamwulize yule babu anakwenda wapi," Royce alisema. "Jana usiku, kwenye kikao, alisema mashariki, Arkansas. Wote tulimsikia. Leo saa moja asubuhi kabadilisha. Kansas! Mtu analala na Arkansas anaamka na Kansas, kaoteshwa?"

Orlinda hakupenda. Hakupenda kwa sababu lilikuwa swali zuri.

"Flashi yenyewe ikoje?"

"Ndogo, nyeusi. Iko kwenye mkufu wa funguo, pamoja na kitochi na ufunguo wa tela langu la mchanga."

"Kitochi cha rangi gani?"

"Mama, nimeibiwa ushindi, wewe unaniuliza rangi ya kitochi?"

"Ndiyo kazi yangu, daktari. Wewe huulizi watu jino lipi?"

"Buluu," alisema Royce, kisha akageukia nje na kupaza sauti: "Hiyo kufuli bado tu?"

Msumeno ukajibu.

*

Mzee Cipriano hakukana. Alipoulizwa kuhusu Kansas alinyanyua mabega.

"Nilibadilisha. Ni kweli."

"Mzee, unajikaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Kwa nini?"

"Kompyuta zote zilisema ncha ya kwanza ya upepo wa kusini itafika adhuhuri. Alfajiri nikaiona imeshafika, tena nene. Upepo ukiwahi hivyo, radi nayo inawahi. Nikafuta mashariki."

"Uliuonaje? Upepo hauonekani."

"Kwa kiputo."

Orlinda alivijua viputo. Kila alfajiri, kabla ya mtu yeyote kupanda, timu zinajaza heli kwenye viputo vya mpira, zinafungia taa ndogo kwa sababu ni giza bado, zinaachia, na watu wote wanasimama shingo juu kama kuku wanaokunywa maji, kuangalia upepo unavipeleka wapi kwa kila urefu.

"Kiputo chako?"

"Changu kilipasuka. Niliangalia cha Texas." Mzee akatoa daftari lake, limejaa mafuta ya pilipili, akasoma. "Saa kumi na moja na dakika arobaini na saba. Kiputo cha Hollenbeck. Kimekwenda kusini, kimepanda polepole sana, kupita kawaida. Kimegeuka, kimerudi juu ya vichwa vyetu, kinakwenda kaskazini-magharibi. Saa kumi na mbili na dakika tano kimeacha kupanda. Dakika tano baadaye taa imepotea ng'ambo ya mto. Taa ya buluu."

Akafunga daftari. Orlinda alitembea mpaka meza ya Royce, akachukua lile boksi la taa ndogo, akaligeuza. Karatasi ya nailoni ilikuwa bado imelikaza pande zote. Taa kumi na mbili ndani, na boksi limeandikwa kumi na mbili. Zote nyeupe.

"Daktari!" aliita. "Njoo. Nani aliachia kiputo chenu asubuhi?"

"Mimi. Huwa naachia mwenyewe. Mjerumani anasema mkono wa rubani lazima—"

"Taa ulitoa wapi?"

"Hapa mezani."

"Boksi halijafunguliwa."

"Sikufungua boksi. Kulikuwa na giza, nikapapasa, nikapata moja iko nje, nikabonyeza, ikawaka, nikafunga."

Watabiri wote wakageuka. Nje msumeno ulikatika, pengine ulikuwa unabadilishiwa meno. Mtabiri wa timu ya Kanada akaanza kucheka ndani ya kikombe chake, kahawa ikamtoka puani.

"Hapana," alisema Royce.

"Ulifunga kwa nini?"

"Kwa uzi wa meno. Ni imara kuliko… Hapana! Mama, mimi nimesoma miaka kumi na miwili!"

"Ndiyo maana nakuuliza kwa upole. Ulipobonyeza, hukusikia uzito? Hukusikia ufunguo ukigonga?"

Royce alikitazama kidole chake kilichobonyeza. Halafu kiburi kikamrudia, kwa maana kiburi cha mtu wa Texas hakikai mbali. "Maneno matupu! Taa za buluu ziko nyingi. Iko wapi hiyo flashi? Mimi naona mzee aliyekaa kwenye meza yangu na mpango wangu mdomoni mwake."

Orlinda akamtazama Bi. Tafoya aliyekuwa amesimama mlangoni akijisugua kifua. Bi. Tafoya akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ana haki, Orlinda. Nahitaji kitu cha kushika mkononi. Saa tano kasorobo sasa."

*

"Kimeangukia wapi?" Orlinda aliuliza.

Cipriano alikuwa amejikunyata mbele ya ramani. "Mwanangu, kiputo kikipanda hupasuka huko juu, mabaki huangukia popote."

"Hiki kiliacha kupanda. Umeandika mwenyewe."

"Basi kilikuwa kinavuja. Fundo la daktari wa meno." Macho yake yakaanza kuamka. "Kinavuja, kinashuka taratibu. Kikishuka kinaingia tena kwenye upepo wa chini, ule unaokwenda kusini. Kinarudi nyuma kidogo. Kama ningejua kinashuka kwa kasi gani…"

"Kisia."

"Mimi sikisii! Mimi natabiri!"

"Basi tabiri. Unasema unaweza kumpeleka dada yako mpaka kwenye maziwa makuu. Nipeleke mimi ng'ambo ya mto tu."

Hapo mzee akairudisha penseli nyuma ya sikio. Aliogopa. Wote hemani walijua maneno yanayosemwa juu yake msimu huu: Cipriano amezeeka, Cipriano anatumia penseli, Cipriano anamponza Delfina. Kama akiweka alama kwenye ramani na flashi isiwepo, atakuwa mwizi na tena mtabiri mbovu. Orlinda alimwonea huruma, na hakuwa na dakika ya kuitumia huruma hiyo.

Mzee alilamba penseli. Alihesabu pembeni mwa ramani kwa tarakimu ndogo ndogo, akafuta, akahesabu. Delfina aliingia akiwa na mchanga mpaka kwenye nyusi, akasimama nyuma yake. Baada ya dakika kumi na tisa Cipriano aliweka alama ya msalaba.

"Hapa. Kama nimekosea, nimekosea."

Orlinda akainama kutazama. Barabara nyembamba ya Corrales, mfereji wa maji, shamba la pilipili, nyumba ya tofali za udongo yenye banda la kuku nyuma.

Akatoa simu yake. Mara tano sasa. Mama yake alikuwa amepiga mara tano, na ya kwanza ilikuwa saa moja kamili asubuhi.

"Ee Mungu wangu," alisema mpelelezi.

*

Mama Prudencia Gabaldón, miaka themanini na mitatu, alikuwa uani akianika shuka. Aliona gari la sherifu likiingia, akaona binti yake akishuka, mzee mmoja, Bi. Tafoya, na mwanamume mwenye kofia kubwa. Hakuacha kuanika.

"Simu yako imekufa?" aliuliza.

"Mama, niko kazini. Kuna kitu kimeanguka hapa leo asubuhi?"

"Ningekuambia. Nilipiga."

"Niambie sasa."

"Sasa nina kazi."

Cipriano alikuwa tayari ameshaingia kwenye shamba la pilipili, anapekua mistari, anainama, anainuka. Hakuna kitu. Alizunguka msalaba wake wa penseli mara mbili, rangi ikimtoka usoni. Saa sita kasoro dakika ishirini na mbili. Royce alijiegemeza kwenye gari, akaonyesha meno yote.

"Pole, babu," alisema.

Orlinda hakumtazama mzee, asingeweza. Aliingia jikoni kwa mama yake kunywa maji, na hapo kwenye rafu juu ya jiko akamwona Mtakatifu Antoni. Wiki nzima alikuwa amegeuzwa uso ukutani, kama tunavyomfanyia kitu kikipotea, mpaka akirudishe. Orlinda alijua, kwa sababu mama yake alipoteza tochi ya kwendea kwenye banda la kuku na alimlaumu mtakatifu kwenye simu kila jioni. Sasa Mtakatifu Antoni alikuwa amegeuzwa mbele, amefutwa vumbi, na shingoni amevaa mkufu wa funguo wenye kitochi cha buluu, flashi nyeusi na ufunguo mmoja. Miguuni pake palikuwa na kipande cha mpira mweupe kilichosinyaa, kimefungwa kwa uzi wenye harufu ya mnanaa.

"Mama!"

"Usikiguse," alisema Mama Prudencia kutoka mlangoni. "Nilimwomba tochi, kaniletea tochi. Unataka kuniambia Mtakatifu Antoni anapokea mali ya wizi?"

"Ulikipata saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nakwenda kulisha kuku, kinashuka kutoka mbinguni kinawaka, kinatua juu ya banda. Nilipiga magoti, Orlinda. Na magoti yenyewe unayajua."

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini," Orlinda alirudia kwa sauti ya kutosha kufika uani. "Bi. Tafoya, Cipriano anayeitwa mwizi na Daktari Hollenbeck alikuwa wapi saa hiyo?"

"Nami," alisema Bi. Tafoya, akiingia. "Alikuwa ananieleza upepo. Nusu saa nzima." Akaunusa ule uzi wa mnanaa, akafumba macho kwa raha ya mtu aliyeng'olewa jino.

Royce naye aliingia, akaona, akavua kofia. Akanyoosha mkono kuelekea rafuni. Mama Prudencia akaupiga kofi.

"Wewe ndiye mwenye puto?"

"Ndiyo, mama, ila ni kiputo tu…"

"Kimetua kwangu. Chupa yangu iko wapi?"

Kwa maana ndiyo desturi, na hakuna rubani asiyeijua: ukitua kwenye uwanja wa mtu unampa chupa ya shampeni kabla hujakusanya kamba zako. Yule Mfaransa aliondoka na shuka bila kutoa chupa, na Mama Prudencia alikuwa ameingoja miaka thelathini na moja.

"Nitakuletea mbili," alisema Royce.

"Tatu. Na kabla ya hapo kuna neno. Binti yangu anasema kuna mtu umemwita mwizi. Mwambie huyu." Akamwonyesha Mtakatifu Antoni. "Mwambie kwa sauti, anasikia vibaya."

Daktari Royce Hollenbeck alisimama mbele ya jiko la Mama Prudencia na kumwambia sanamu ya mbao kwamba Cipriano Archibeque si mwizi, kwamba mwizi hayupo, na kwamba yeye mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe aliutupa mpango wake angani. Akapewa funguo. Papo hapo simu yake ikalia, na sauti ya furaha ikasikika jikoni kote: "Bosi! Kufuli ya tela tumeikata!"

Cipriano hakusikia. Alikuwa nje, anapima kwa hatua kutoka kwenye msalaba wake mpaka bandani, akihesabu kwa mdomo. Orlinda alimkuta amesimama kati ya kuku.

"Kumi na nne," mzee alisema, akatikisa kichwa. "Hatua kumi na nne. Zamani nisingekosea hivyo."

Orlinda akampa simu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu, na Bi. Tafoya alikuwa ameshazungumza. Upande wa pili alikuwa Delfina. Hakuuliza kuhusu mwizi wala daktari.

"Kaka. Upepo?"

Mzee akatazama kusini. "Baki chini usiku wa kwanza," alisema, akimsogeza kuku kwa mguu. "Baki chini, Delfina. Usiogope giza. Kuna wa kusini unakuja kukuchukua."

Mama Prudencia alikuwa amesimama kando ya kamba yake, shuka ya mwisho mkononi, anamwangalia.

"Wewe ndiye uliyesema kitaangukia kwangu?"

"Ndiyo, mama. Samahani, nilikosea banda."

"Kijana," alisema Mama Prudencia, "na nguo hizi nianue saa ngapi?"

Wote wakageuka. Cipriano alitazama juu, akatazama majani ya mti wa kando ya mfereji, akageuza shavu upande huu na ule.

"Ziache mpaka saa tisa."

Mama Prudencia, ambaye hajawahi kumwamini hata padri kuhusu mvua, akabana shuka ya mwisho kambani, akaingia ndani kuwapikia chakula.